Siku tatu Mji Mkongwe: namna ya kuisikia taarabu na kuzisoma nyumba

Watu wengi wanaovuka kwenda Unguja kwa siku chache huigawa safari yao mapande mawili. Mchana ni wa kupiga picha milango, usiku ni wa kutafuta burudani. Hurudi na picha nzuri, ila hukosa jambo ambalo mimi lilinichukua safari tatu kuling'amua: muziki na nyumba za pale ni ndugu wa tumbo moja. Sultani Sayyid Barghash bin Said, aliyejenga Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, mwaka 1883, ndiye anayetajwa pia kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, kile chombo cha nyuzi kinachopakatwa mapajani. Taarabu ikaanzia kasri, ikashukia kumbi za vilabu, ikavuka hadi Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na sauti ya mwimbaji Siti binti Saad. Kila hatua ina majengo yake, na mengi bado yamesimama.

Nitaeleza namna ya kuvipata vyote viwili kwa siku tatu na usiku mbili, ukitokea Dar es Salaam au ukipitia hapo.

Kabla ya kukata tiketi

Panga usiku kwanza. Nyumba zitakungoja, muziki una siku zake.

Tazama kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani vilabu vya taarabu hupumzika, na mji mzima hubadili mwendo. Nilifika mara moja katikati ya mfungo nikitaraji kusikia kanuni, nikaambulia futari nzuri sana na ukimya. Kinyume chake, sikukuu za Idi ni msimu wa taarabu hasa, na ukiweza kufika siku ya Idi Mosi au Idi Pili, fika.

Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, ambalo limekuwapo tangu 2004 na makao yake makuu ni Ngome Kongwe. Katikati ya mwaka kuna tamasha la filamu, ZIFF, lililoanza 1998, nalo huja na muziki. Nyakati hizo vyumba hupanda bei na hujaa mapema, basi lipia miezi miwili au mitatu kabla. Kwa maoni yangu, tamasha ni zuri kwa anayetaka bendi nyingi za Afrika kwa mpigo; anayetaka kuijua taarabu ya Unguja aende wiki ya kawaida, tena katikati ya wiki. Mazoezi ya vilabu mara nyingi huwa usiku wa siku za kazi, na mwisho wa wiki wapigaji huitwa kwenye harusi. Kwa hiyo mimi hupanda boti Jumanne au Jumatano asubuhi.

Boti ya kasi kutoka Dar hutumia saa mbili hivi. Chukua ya asubuhi. Msimu wa kusi, kuanzia Juni hivi hadi Septemba, bahari huchafuka. Kama tumbo lako si la baharia, kaa chini na katikati. Masika, kati ya Machi na Mei, vichochoro hujaa maji, ingawa malazi huwa nafuu. Usisahau kitambulisho: utakitumia bandarini, na kwenye makumbusho mwenyeji na mgeni hulipa viingilio tofauti.

Lala ndani ya Mji Mkongwe wenyewe, si ufukweni. Tafuta nyumba ya wageni ambayo bado ina dari ya boriti. Nitaeleza chini kwa nini.

Siku moja kabla ya kusafiri, mpigie mwenyeji wako umuulize maswali mawili juu ya vilabu viwili vya taarabu: Culture wanapiga lini wiki hii? Na Ikhwani Safaa je? Ratiba hubadilika kwa msiba, harusi na umeme, na watu wa pale ndio wanaojua.

Siku ya kwanza, mchana: jifunze kusoma nyumba moja

Usikimbilie kuona majengo ishirini. Chukua nyumba moja, hiyo hiyo uliyofikia, uisome kuanzia barazani hadi darini. Ukishaielewa, nyingine zote zitakusemesha.

Anza nje, kwenye baraza, ile benchi ya mawe iliyoshikana na ukuta. Hapo ndipo mwenye nyumba alipopokea wageni wasiostahili kuingia ndani, na hapo ndipo majirani bado wanakaa jioni. Ukitaka kukaa, toa salamu kwanza. Mkubwa kuliko wewe mwamkie shikamoo, kisha uulize hali. Mazungumzo ya barazani yamenionyesha kumbi nyingi kuliko kitabu chochote.

Kisha mlango. Usimame karibu, kiasi cha mkono. Utaona mbao mbili, na katikati yake nguzo iliyochongwa inayoziba mwanya: hiyo inaitwa mfaa, nayo imepigiliwa kwenye ubao mmoja. Fremu ya nje mara nyingi ina nakshi ya mnyororo uliozunguka. Chini, karibu na kizingiti, utakuta mawimbi au magamba ya samaki, na juu yake mashina yanayopanda kama mmea uliotoka majini. Milango ya asili ya Kiarabu ina juu iliyonyooka, mingi ikiwa na maandishi ya Kurani. Ile yenye tao juu, mbao zilizogawanywa vijumba vidogo na njumu za shaba zilizochomoza, ni ya mtindo wa Kihindi. Gusa njumu moja, uone jinsi shaba ilivyolainika kwa mikono ya watu.

Mingine imeandikwa mwaka, lakini ni mwaka wa Hijria. Ukikuta 1300, huo ulianzia mwishoni mwa 1882 ukaishia mwishoni mwa 1883. Kufahamu hilo tu kutakusaidia kujua mlango gani ulichongwa enzi ya Barghash na upi ulikuja baada yake.

Ingia ndani, uinue kichwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene kiasi kwamba dirisha linakuwa kama kijichumba. Dari limebebwa na boriti za mikoko, nyingi zikiwa zimekuja kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa, mita tatu hivi, na hiyo ndiyo sababu vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Fundi hakuchagua umbo hilo kwa urembo. Mti ndio uliomwamulia. Piga makofi mara moja, usikilize. Chokaa na mbao havirudishi sauti kwa ukali kama zege. Sauti inakuwa karibu, ya joto. Ukiisikia fidla ndani ya chumba kama hicho utajua kwa nini taarabu ya zamani haikuhitaji spika.

Utaona pia maradhi. Mahali palipopakwa saruji juu ya chokaa, ukuta unavimba na kumenyuka, kwa kuwa saruji inafungia unyevu ndani ya mawe ambayo yamezoea kupumua. Maji ya paa yakivuja, boriti huoza pale zinapoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Nyumba inaweza kuonekana nzima leo na kesho ikaanguka. Yananiuma haya, na ninakusihi uyaangalie kwa makini kama unavyoangalia nakshi.

Jioni: ukingo wa bahari

Saa kumi na moja toka uelekee Mizingani, utembee kutoka bandarini kwenda bustani ya Forodhani. Safu hiyo ya majengo ilijengwa itazamwe na aliye baharini. La kwanza ni Dispensari ya Kale, ambayo msingi wake uliwekwa 1887 na tajiri Tharia Topan, ikakamilika 1894 baada ya yeye kufariki. Roshani zake za mbao zimetobolewa kama lesi. Simama upande wa pili wa barabara, jua likiwa linashuka, uzitazame zikigeuka rangi.

Mbele kidogo ni jengo la forodha ya zamani, ambamo chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa 2002, kilifundishia kwa miaka mingi. Chuo hicho kimewafunza vijana wengi wanaopiga mjini leo, wakiwamo wasichana, katika kazi ya upigaji ambayo kwa muda mrefu ilishikwa na wanaume. Uliza wanafundishia wapi kwa sasa na kama kuna onyesho la wanafunzi. Onyesho la wanafunzi ni zuri kuliko maonyesho mengi ya kulipia.

Kisha kasri, ambalo ni makumbusho, halafu Beit el-Ajaib. Hapa nenda taratibu. Ilikuwa nyumba ya kwanza kisiwani kuwa na umeme, na nguzo zake za chuma zilibeba roshani pande zote. Ilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, vita vilivyoisha kabla ya saa moja kutimia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, na watu wawili wakafa. Usiingie mahali palipozungushiwa uzio, hata mtu akikuahidi njia. Itazame kutoka bustanini.

Ngome Kongwe iko jirani. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya Wareno kuondolewa 1698, kwenye mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ndani kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia. Waulize walinzi kama kuna ngoma usiku wa leo au kesho. Mara nyingi huwa na jibu.

Kula Forodhani. Mimi huanza na urojo kwa sababu ni mwepesi, na mtu mwenye shibe kubwa husinzia ukumbini.

Usiku wa kwanza: Vuga

Culture Musical Club ilianza 1958, na nyumba yao iko Vuga. Nenda baada ya sala ya Isha. Piga hodi, ungoje ukaribishwe, utoe salamu kwa wote, kisha ukae nyuma au pembeni. Vaa nguo ya heshima: kina dada na kina mama, mabega na magoti yafunikwe, kina baba, suruali ndefu. Zima mlio wa simu. Ukitaka kupiga picha au kurekodi, mwombe kiongozi, na akikataa usiulize mara ya pili.

Mara ya kwanza nilipokaa pale, nusu saa nzima hakuna wimbo ulioimbwa. Mzee wa kanuni alikuwa akipatanisha nyuzi. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na alikuwa akizikaza moja moja kwa ufunguo mdogo, sikio limeinamia mbao, akigonga, akisikiliza, akirudia. Kijana wa fidla alimsubiri bila kusema neno. Walipomaliza, mzee akavaa pete zake mbili, moja kila kidole cha shahada, akachomeka vile vijiti vya kudonolea, akatikisa kichwa. Wakaanza bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno. Fidla zote zikaingia kwa pamoja, akodiani chini yake, besi ikatembea, dumbak, ile ngoma ndogo ya mkono, ikajibu. Nilikuwa nimesikia taarabu redioni tangu utotoni, lakini sikuwahi kujua kwamba besi ile unaisikia kwa nyayo.

Kwa hiyo usiondoke mapema ukidhani hakuna kinachoendelea. Kupatanisha ni sehemu ya usiku.

Sikiliza kwa mpango. Kwanza fuata kanuni peke yake, kisha fidla, kisha mwimbaji. Baadaye angalia jinsi waitikiaji wanavyoshika kiitikio na jinsi ala zinavyorudia tuni ya mwimbaji baina ya beti. Maneno ni mashairi, mara nyingi beti fupi za mistari mitatu, yenye mafumbo. Waridi si waridi na jahazi si jahazi. Usipofahamu, muulize aliye karibu wimbo ukiisha, si katikati.

Mazoezi huwa hayana tiketi. Acha mchango kwa kiongozi kwa mkono wa kulia, kimya kimya, kiasi ambacho ungelipa kiingilio cha onyesho.

Siku ya pili

Amka alfajiri. Mji Mkongwe saa kumi na mbili unusu hauna pikipiki nyingi, jua linaingia kwa mshazari, na nakshi zinaonekana kuliko saa sita ambapo mwanga unazifuta. Pita Kiponda na Hurumzi, usishike ramani. Mji ni mdogo, ukipotea utatokea baharini au Darajani.

Malindi, tafuta msikiti wenye mnara wa umbo la koni. Minara ya namna hiyo ni michache sana Afrika Mashariki, na msikiti wenyewe ni wa miaka ya 1830. Utazame ukiwa nje. Mtaa huo ndio nyumbani kwa Ikhwani Safaa, kilabu kilichoundwa 1905, kikongwe kuliko vingine vyote. Ulizia hapo hapo asubuhi kama wanapiga usiku.

Saa tatu nenda Kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa kwenye soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa 1873. Askofu Edward Steere alilisimamia, mtu yule yule aliyeandika sana juu ya lugha yetu. Lina mambo mawili ya kutazamwa kwa makini. Dari lake ni kuba refu lisilo na boriti, kwa hiyo hapa upana hauamuliwi tena na mkoko. Simama katikati uhisi tofauti na chumba ulicholala. Na karibu na mlango kuna nguzo za marumaru zilizosimikwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo askofu alipokuwa hayupo, naye akaziacha. Nje kuna sanamu za watumwa waliofungwa minyororo ndani ya shimo. Nyamaza hapo. Usijipige picha.

Mchana pumzika, kweli kweli. Aliyezunguka juani siku nzima hafiki ukumbini na masikio yake. Ukihitaji kivuli, hamamu ya Hamamni, bafu la umma la zamani lililojengwa kwa amri ya Barghash, ni baridi na haina pilikapilika.

Alasiri tafuta mwalimu. Kwa saa moja ya somo la udi, ile ala ya nyuzi, au dumbak, hata usipotoka na wimbo, utapata sikio. Udi hauna vigawanyo kwenye shingo, ndiyo maana unaweza kutoa zile sauti za katikati ambazo gitaa la kawaida haliwezi. Mwombe mwalimu akupigie ngazi tatu za sauti, Rast, kisha Bayati, kisha Hijaz, polepole, mara tatu. Usiku utazitambua.

Usiku wa pili una njia tatu. Kama Ikhwani Safaa wanapiga, nenda Malindi. Kama hawapigi, hoteli kadhaa za Hurumzi na Shangani huweka wapigaji juu ya paa. Siwezi kukuficha kwamba huko chakula huwa mbele na muziki nyuma. Nilishawahi kukaa meza ambayo watu walizungumza kuanzia bashraf hadi mwisho. Ukienda, omba meza iliyo karibu na ala. Njia ya tatu ni bora kuliko zote, nayo haipangwi: kualikwa harusini. Ukialikwa, kubali.

Harusini utakutana na kidumbak, ndugu mdogo wa taarabu, mwenye kasi. Fidla moja, dumbak mbili ndogo, cherewa (manyanga), mkwasa (vijiti vya kugonganisha), na sanduku: besi ya mti, kamba na sanduku la mbao. Hapo watu hawakai. Utakutana pia na desturi ya kutunza, na hapa ndipo mgeni hukosea. Mtu huinuka, hucheza taratibu hadi kwa mwimbaji, akampa noti. Lakini anainuka kwenye ubeti aliouchagua, kwa kuwa ubeti ule unasema jambo analotaka lisikike, pengine na mtu aliye chumba hicho hicho. Ukiinuka ovyo kwenye ubeti wa kumsema mke mwenza au jirani mwenye husuda, kuna atakayedhani umemlenga. Subiri ubeti wa mapenzi au wa kumsifu bibi harusi, au fuatana na mwenyeji wako anapoinuka. Beba noti ndogo ndogo, safi.

Siku ya tatu, asubuhi: vuka Ng'ambo

Wengi huondoka bila kuvuka barabara ya Darajani, ambako zamani palikuwa na mkono wa bahari uliotenga mji wa mawe na mji wa udongo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliimba Ng'ambo kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na aliimba kwa Kiswahili. Ukitaka kujua taarabu ilivyokuwa mali ya watu wote, tembea huku.

Michenzani utaona majengo marefu ya ghorofa yaliyoanza kujengwa miaka ya 1970 kwa mipango ya wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Watu husema ni mabaya. Mimi siafiki. Angalia chini yake: watu wameweka mabaraza yao wenyewe, vibao vya bao, birika za kahawa. Nyumba imebadilika, kikao hakikubadilika.

Ukirudi pitia Mnazi Mmoja uone Beit el Amani, jengo la kuba la 1925 lililobuniwa na John Sinclair, Mwingereza aliyechanganya matao ya Kiarabu na ofisi za kikoloni. Dakika ishirini zinatosha.

Fika bandarini saa moja kabla ya boti. Ukipanda, usikae ndani kwanza. Simama nje upande wa kushoto, kwa kuwa boti ikishatoka na kugeukia kusini mji wote unapita mkono huo: roshani za Dispensari, forodha ya zamani, kasri, Beit el-Ajaib na jeraha lake, Ngome, kisha Shangani. Una dakika kumi hivi kabla mnara wa mwisho haujafichwa na maji.